Wilf Ogden na Tarumbeta Lake Studioni

Wilf Ogden alikuwa kondakta wa basi mjini Barnsley, Uingereza, kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo alipiga tarumbeta katika bendi ya mgodi wa makaa ya mawe. Mgodi ulipofungwa, bendi iliendelea. Naye alipostaafu alibaki na mambo mawili ya kuringia: mapafu yake, na kichwa kilichohifadhi kila wimbo uliowahi kupita redioni.

Mwaka 1995 vijana wanne wa mtaa wa jirani, waliojiita Laburnum, walimwomba apige tarumbeta kwenye albamu yao ya kwanza. Wilf akaenda studio amevaa suti aliyoolea.

Walimsikilizisha nyimbo kwanza, azizoee. Wa kwanza haujafika kwenye kiitikio, akainua mkono kama anayesimamisha basi.

"Hilo gitaa mmewaibia wale vijana wa Liverpool wa miaka ya sitini."

"Ndiyo, mzee," alijibu Craig Hepworth, mwimbaji wao, kijana mwembamba aliyevaa koti la marehemu babu yake.

Wa pili ukaanza. "Na kinanda hicho ni cha wachekeshaji wa jukwaani, enzi za mama yangu. Halafu hiyo sauti ya kubana pua umeiokota London. We si umezaliwa nyuma ya duka la samaki na chipsi?"

"Hapohapo, mzee."

"Na mdundo huu ni wa wale wanaume waliokuwa wakijipaka wanja miaka ya sabini. Mke wangu alikuwa akizima televisheni!"

Mpiga ngoma alicheka mpaka kijiti kikamponyoka.

"Sasa chenu hapa ni kipi?" Wilf akauliza.

"Maneno," Craig akasema. "Hao wote hawakumwimba mama yangu akigombania kamba ya kuanikia nguo na jirani."

"Hapo sawa. Mama yako namjua."

Ikafika zamu yake. Walikuwa wamemwachia nafasi katikati ya wimbo wa mwisho, apige chochote kitakachomjia. Wilf akafumba macho, akapiga taratibu, kwa huzuni nzito kiasi kwamba fundi mitambo alivua miwani akaifuta.

"Hiyo tuni ni yangu," Wilf akatangaza, akipangusa mdomo wa tarumbeta. "Sikuiokota kwa mtu."

Vijana wakatazamana. "Safi sana, mzee," Craig akasema, akageukia ukuta.

Albamu ilitoka Septemba, ikaitwa *Siku ya Kufua*, na ikanunuliwa kama mkate. Wilf akaipiga jikoni, mkewe Hilda akimenya viazi, akamweleza kila wimbo umetoka wapi. Tarumbeta lilipoingia, kisu cha Hilda kikasimama.

"Wilf."

"Eeh?"

"Hilo si gari la aiskrimu?"

"Gari gani la aiskrimu?"

"Linalopita hapa kila Jumapili likipiga muziki!" Akauimba muziki uleule bila maneno, ila haraka haraka, kisu kikicheza hewani. Ulikuwa wenyewe, noti kwa noti.

Wilf akawa mwekundu hadi masikioni. Akakimbilia simu.

"Tulijua siku ileile," Craig akasema, akijikaza asicheke. "Lakini ulikuwa umefumba macho, mzee wangu. Nani angekukatisha?"

Aliwanunia wiki mbili. Ya tatu walimwita kwenye onyesho lao Sheffield, na Hilda akamwambia akikataa, tarumbeta litahamia bandani. Akaenda. Ukumbi ulijaa vijana wenye jasho, na alipopiga noti tatu za mwanzo, sauti ya kike ikapasuka kutoka nyuma: "Na mimi ya chokoleti!"

"Mbili za vanila!" mwingine akadakia.

Wilf alicheka hadi pumzi ikamwishia, jambo ambalo halikuwahi kumpata mbele ya watu. Kisha akaanza upya, safari hii kwa mwendo wa gari lenyewe, na watu elfu mbili wakarukaruka. Juu kwenye roshani Hilda naye alikuwa amesimama, mkoba kifuani, akiagiza ya stroberi.