Shimo la Golini, Guta

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne pale Guta, timu yetu ya kijiji ilianza kuishiwa miguu. Beki wa kushoto aliteguka kifundo. Wiki iliyofuata straika akakamatwa na msuli wa paja, akawa anakimbia kama bata. Kipa naye akavunjika kidole. Tukafungwa mechi nne mfululizo. Leo hata mjukuu wangu atakwambia: beki kalala nyumbani, straika anachechemea, timu hiyo itamfunga nani? Lakini sisi tulikuwaga na akili nyingi kuliko hizo. Tukasema wapinzani wetu wa kijiji cha Mugango wametufukia kitu uwanjani.

Mzee Mafuru, mwenyekiti wa timu, akaleta mganga. Mganga akazunguka uwanja, akapiga chafya mara tatu mbele ya goli, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba shimo la kufika gotini, wakatoa mfupa. Uwanja ule ulikuwa malisho, mifupa ya mbuzi ilizidi nyasi. Lakini watu waliruka nyuma kama wameona chatu.

Kisha likaja sharti. Udongo uliolaliwa na dawa haurudishwi shimoni. Unatupwa ziwani na msichana ambaye hajavunja ungo, tena asigeuke nyuma. Msichana huyo nikawa mimi. Nilibeba karai safari sita, shingo nimeikaza, najiona mtu mkubwa. Niliporudi mara ya mwisho walikuwa wanajaza shimo mabua ya mtama na kunyunyiza mchanga juu.

"Si mtie udongo mwingine?" nikauliza.

"Udongo wa hapa wote umeshaharibika, we mtoto," akasema Mzee Mafuru. "Funga mdomo."

Jumapili Mugango wakaja. Kaka yangu Magesa, winga wetu, ndiye pekee aliyekuwa hajaumia hata ukucha. Kijiji kizima kilimtegemea yeye. Nikamvuta jezi.

"Magesa, kule golini usikanyage katikati. Kuna shimo."

"Toka hapa, Nyangeta! Uwanja umeshatibiwa, unataka kunitia nuksi?"

Kipindi cha pili akaikimbilia krosi. Mguu wa kulia ukazama, mwili ukaendelea na safari. Ule mlio niliusikia nikiwa nje ya mstari. Mfupa ulichomoza nje ya ngozi, mweupe.

Tena huo mfupa haukunishtua kama Mzee Mafuru. Alikuja mbio, akayaona mabua yamefumuka shimoni, akapiga mapaja yake: "Mmeona? Mmeona ubaya wa Mugango? Ile dawa ilikuwa na mwenzake!" Uwanja mzima ukaitikia. Mama yangu naye akaitikia. Wakati wanaitikia, hakuna aliyemgusa Magesa. Aliyevua shati akamfunga mguu alikuwa kipa wa Mugango.

Magesa hakucheza tena. Timu ikabaki bila winga, ikafungwa na kila aliyepita njia, mpaka ikavunjika. Na kila ilipofungwa, Mugango walitukanwa.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Ni mzee wa fimbo sasa. Nikaona tumeshakaribia kaburi wote wawili, nimwambie tu.

"Magesa, ule mguu ulivunjwa na shimo. Tulichimba sisi. Udongo nilitupa mimi."

Akaukanda mguu wake, hana haraka.

"Aliyezama ni mimi, Nyangeta. Mabua si niliyaona? Unadhani sikujua?"

"Sasa mbona miaka yote unasema Mugango?"

"Ningesema nani? Mafuru tulikuwa tunakula naye sahani moja. Mama nilikuwa nalala nyumbani kwake. Mugango wako mbali."

Miaka yote nilikuwa nimemweka Magesa kwenye kundi la wajinga waliopiga kelele siku ile, nikajiona mwerevu peke yangu. Kumbe alikubali kuonekana mjinga ili abaki na watu wake. Sijui kama nimheshimu au nimtukane. Siku ile nilimsogezea tu kigoda, akaunyoosha mguu.