Siku Mama Alipomsuka Feza

Harufu ya javeli, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, ikinipata, hata leo ninapofua mashuka ya wanangu, narudi Musonoi, mwaka ule kolera, yaani kipindupindu, ilipoingia mtaani kwetu. Maji ya kunywa yalinuka javeli, vikombe vilinuka javeli, nami wa miaka minane nilisadiki kwamba hata bukari, ugali wetu, ilisongwa nayo.

Feza, binti wa jirani yetu, alibebwa hospitalini akiwa amelegea kabisa. Siku ya sita akarudi, amekonda, macho makubwa, lakini mzima. Mtaa ukamkimbia. Wanawake walisema ugonjwa umejificha katika nywele zake zilizosokotana. Msinicheke: nami nilimkimbia, mtu niliyezoea kula naye sahani moja.

Mama alikuwa msusi. Jumamosi moja asubuhi akatoa kiti nje, kando ya barabara, mbele ya macho ya watu wote, akaenda kumwita Feza. Alinawa mikono kwa sabuni, polepole, akamkalisha, akaanza kuzifumua zile nywele.

Mama Kalenga, mteja wake wa kila wiki, alifika akasimama mbali.

“Mama Ngoie, we hauogope? Na batoto yako?”

“Mutoto amepona, mama. Niliuliza muganga wa hospitali mara tatu. Kolera inapitaka mu maji na mu mikono michafu. Haipitake mu nywele.”

“Basi mi sitaleta kichwa yangu mu ile mikono.”

“Nitanawa tena. Utakuya siku utapenda.”

Mama Kalenga akaenda zake. Mama akanigeukia. “Ngoie, kuya hapa. Unishikilie uzi.”

Nilikwenda nikijivuta, nikaushika uzi. Goti la Feza likagusa langu.

“Uko unaniogopa?” akaninong’oneza.

“Hapana,” nikadanganya, sauti ikanitoka kama ya kifaranga, naye akacheka. Nikacheka pia.

Wiki mbili hakuja mteja hata mmoja, tukala sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Wiki ya tatu Mama Kalenga akaja, akaketi, akainamisha kichwa. Mama akanawa mikono, akaanza kusuka.

Mwaka jana nilimwambia Mama jinsi nilivyojivunia kwamba yeye hakuogopa. Akaniangalia kwa mshangao.

“Nani alikuambia? Niliogopa sana. Nilikuita karibu, kisha nikakuangalia mpaka jioni, kama utatapika.”

Mimi nilikumbuka vidole vyake tu, jinsi vilivyotulia kichwani mwa Feza. Sikujua kwamba siku nzima alikuwa ameibeba hofu peke yake, ili sisi wawili tupate kukaa pale tukicheka.