Mikono ya Kushoto

Mama Kadogo aligundua kosa lake alipokuwa akifunga vipande mafungu. Alichukua mkono mmoja wa shati, akaulaza mezani, akachukua wa pili ili iwe jozi, ukakataa. Akajaribu wa tatu. Yote ilikuwa ya kushoto.

Katika karakana ile ya sare za shule, kitambaa hakikatwi kimoja kimoja. Hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, uso ukiangaliana na uso, ndipo mashine ipite mara moja na kutoa mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mtandazaji akisahau kugeuza, nyuso zote zikatazama juu, mashine haina huruma: shule nzima itapata mashati ya mtu mwenye mkono mmoja. Na kitambaa hiki kiling'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili, kwa hiyo hata kudanganya hakukuwezekana.

Hakuwa mzembe. Kichwa chake tu ndicho hakikuwepo. Kilikuwa chuoni, kikifundisha hesabu za sehemu, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo, wa mwisho kabla ya kuwa mwalimu. Asubuhi alikata sare, mchana alisoma, jioni alikuwa mke, mama na mkwe wa mtu. Watu huuita mpango wa namna hii bahati: nusu siku kazi, nusu siku masomo. Wanasahau kwamba mtu mwenyewe hagawanyiki. Karakana ililipa nusu ikamtaka mzima, na chuo nacho kilimtaka mzima, na nyumba ikapokea makombo halafu ikaulizwa kwa nini haijashiba.

Mwenye karakana, waliyemwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akila, hakufoka. Aligeuza vipande kadhaa, akavirudisha mezani. Wateja wangekuja Jumamosi.

“Kesho uje asubuhi mpaka jioni, tukate upya,” alisema. “Ukija, hasara tutagawana. Usipokuja, jora zima ni juu yako.”

“Mama, kesho nina mtihani.”

“Na mimi nina shule nzima inasubiri kuvaa, mwanangu.”

Alitoka nje akampigia mkufunzi wake. Alijibiwa kwa upole kwamba siku haibadilishwi ila kwa cheti cha hospitali. Akikosa, ni mwaka mwingine. Afya yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa njema.

Nyumbani alimkuta mumewe, mwashi, ameketi benchini kama alivyoketi tangu tajiri wa jengo aishiwe saruji. Mama mkwe alikuwa akimsuka Kadogo. Mama Kadogo alieleza yote bila kupunguza. Hela ya jora ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba, hilo halikuhitaji kuelezwa. Mama mkwe, ambaye alimwita Profesa akifurahi na akikasirika vilevile, aliuliza kama mashati hayo hayawezi kuvaliwa na koti juu. Hakuna aliyecheka.

“Nenda kazini,” mume alisema. “Mtihani utaurudia. Mwenye nyumba tumeshamwomba mara mbili.”

“Yeye tumemwomba mwaka huu. Mimi nimengoja miaka. Nilingoja upate kazi, nikangoja Kadogo aache kunyonya, nikangoja mama apone mguu. Sasa singoji.”

“Kumbe sisi ndio tuliokuchelewesha?”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema.”

Kweli alikuwa amesema, na hakulifuta.

Asubuhi alivaa sketi yake nyeusi. Mume alikuwa amegeukia ukuta, amelala au anajifanya. Chuoni alisimama mbele ya darasa, chaki ikamkatikia mkononi, akaendelea na kipande kilichobaki. Waliokuwa wakimpima waliandika, wakamshukuru, wasimwambie lolote. Getini akakuta ujumbe wa Mama Futi kwenye simu. Amepata mkataji mwingine; Jumatatu asihangaike; mshahara uliobaki utalipia jora. Aliusoma akitembea, kisha akausoma tena amesimama.

“Umefaulu?” mume aliuliza alipoingia.

“Majibu bado.”

“Na kazi?”

“Imekwisha.”

Mume alitazama viganja vyake, visafi kupita kiasi kwa mwashi. Akasogea benchini, si sana.

“Basi tumekuwa wawili.”

“Watatu,” mama mkwe alisema kutoka jikoni. “Au mimi kuna anayenilipa?”

Mama Kadogo alicheka, na kicheko kikamgeuka katikati, akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la chaki. Walikubaliana kwenda pamoja kwa mwenye nyumba kabla hajaja yeye. Akamwomba mumewe ndiye azungumze.

“Mwalimu ni wewe,” alijibu. “Utazungumza wewe.”

Alisema bila kutabasamu, na mkewe hakujua kama ile ilikuwa heshima au lawama. Akavaa tena viatu.