Abiria wa Dereva, kila Alhamisi

Ni Alhamisi asubuhi, na Dereva anasukuma kiti cha magurudumu kwenye korido ndefu ya hospitali. Mwanga wa madirisha unapita juu ya magoti ya mgonjwa kama maji. Kitini ameketi mama mmoja, mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya figo.

"Dereva, tuta hilo!"

"Mwalimu, abiria hamsemeshi dereva."

Wanaelekea ukumbini, ambako kila wiki watafiti na madaktari hukutana kwa semina ya utafiti wa magonjwa. Leo wanakuta watu wamesimama, hakuna aliyeketi. Daktari wa damu, mama aliyeanzisha semina hizo, hakuamka asubuhi hii.

Dereva anageuza kiti. Njia nzima ya kurudi wodini, hakuna anayetaja matuta.

Yeye ni mhudumu wa wodi. Jina la Dereva alipewa na wagonjwa. Marehemu alikuwa na sharti moja: semina haianzi bila mgonjwa ukumbini. Aliyependa alialikwa, akakaa mbele, naye daktari akakaa kando yake akimnong'oneza maana ya kila picha iliyoonyeshwa ukutani.

"Aliniambia, 'Kaka, hawa wanatazama seli mpaka wanamsahau mwenye seli. Niletee mwenyewe,'" anasema Dereva.

Baada ya maziko semina ziliendelea, ila wagonjwa hawakuitwa tena. Hakuna aliyekataza. Mahali pao pakawekwa meza ya chai.

"Mwanangu, wale wasomi wametununia?" Mwalimu aliuliza kila wiki.

Dereva akamfuata mratibu mpya wa semina.

"Kaka, nani atakaa naye amweleze?" mratibu alisema. "Mimi naongoza mjadala. Tusubiri kidogo."

"Subira yavuta heri, daktari. Lakini wagonjwa wetu wengine hawana muda wa kuivuta."

Kisha ikaja Alhamisi ambayo miguu ilimpeleka yenyewe. "Nilikuwa kama naota," anasema. Alishtuka yuko ukumbini, mbele kabisa, na kiti cha magurudumu kitupu, blanketi limerundikana juu yake. Aliona haya kugeuza. Taa zikazimwa kwa ajili ya picha.

Mtafiti wa figo, aliyeijua desturi ya zamani, akasogea mbele. Katika kiza chepesi akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

Blanketi halikujibu. Mtu mmoja akacheka, akajikatiza.

"Nilitamani sakafu inimeze," Dereva anakumbuka.

Mtafiti aligusa blanketi, akawageukia wenzake. "Jamani," akasema, "mimi siwezi kulieleza blanketi habari za figo."

Ukumbi mzima ulimkumbuka mtu mmoja kwa pamoja. Mratibu akainuka kwenye kiti chake cha mbele.

"Kaka, kamwulize Mwalimu kama angependa kuja. Nitakaa naye mimi. Mjadala ataongoza mwingine."

Mwalimu aliingia amejifunga kitambaa kipya kichwani, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Haya, tuanze. Nani hakufanya kazi ya nyumbani?"

Safari hii walicheka mpaka mwisho.

Dereva anakaribia kustaafu. Anachotamani ni kwamba yeye naye akiondoka, jambo hili lisingoje tena mtu asahau na kuleta kiti kitupu. "Mama yule alikuwa mmoja tu. Sasa angalau wapo wanaoijua desturi yake," anasema.

Siku hizi kila Jumatano hupita kitanda kwa kitanda akiuliza nani angependa kwenda kesho. Mratibu hukaa kando ya mgonjwa, na meza ya chai iko nje, kwenye korido.