Taa Nyekundu ya Mzika Watu

Hapa Tolver, Iowa, zamani aliyekupeleka hospitali ukiugua ndiye huyo huyo aliyekuzika ukifa. Jina lake Leland Voss. Alikuwa na gari moja refu jeusi, lenye mapazia. Ukiwa hai, anabandika taa nyekundu juu ya paa. Ukiwa maiti, anaibandua. Sisi majirani tulikuwa tunachungulia dirishani: taa ipo? Tunasali. Haipo? Tunawasha oveni, maana wafiwa hupelekewa pai.

Mimi sikumwamini hata siku moja. Fisi unampaje ufunguo wa bucha? Mume wangu Delbert ana moyo mbovu, na hospitali iko mbali, theluji ikianguka ndiyo usiseme. Kanisani Leland alikuwa akimtazama Delbert kuanzia utosini mpaka viatuni. Nikawa nakaa katikati yao.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Mwana wa mzika watu, mjukuu wa mzika watu, mgane asiye na mtoto, suti nyeusi hata kwenye joto la kiangazi linalokomaza mahindi, mikono baridi kama kuku wa kwenye friji. Hakuwahi kupaza sauti. Mtu asiyepaza sauti mimi humwangalia mara mbili.

Mwaka wa sabini na nne Jimbo likaleta viwango vyake. Gari la wagonjwa liwe na paa la juu, mtu aweze kusimama ndani. Liwe na mtungi wa oksijeni. Liwe na watu wawili waliosoma kozi na kufaulu mtihani. Maneno mazuri, nani atayapinga? Lakini ukimuuliza meya nani atalipa, anatazama dari.

Kwenye chakula cha jioni cha kanisa, Leland akasimama na sahani mkononi. "Jamani, ikifika Julai mimi nabaki na wafu tu. Gari hilo siliwezi." Akakaa, akaendelea na viazi vyake.

"Anataka abembelezwe huyo," alisema Ardith, mwenzangu wa jikoni pale shuleni, tukisugua masufuria.

"Abembelezwe wapi? Anataka sote tuwe wateja wa upande mmoja."

"Verna, una ulimi wewe!"

"Nina mume mgonjwa."

Baada ya hapo nikaanza kukuta vikombe viwili vya kahawa kwenye sinki nikirudi kazini. Delbert akasema vyote vyake. Delbert! Mtu ambaye asipooshewa, hunywea kikombe kile kile wiki nzima. Siku nyingine nikaokota kipande cha bandeji nyuma ya kochi. Nikakitia mfukoni. Panya humkamati kwa kelele.

Halafu bomba la shule likapasuka, tukarudishwa nyumbani mapema. Nafika, gari jeusi limefichwa nyuma ya ghala letu la mahindi. Natazama paa. Taa haipo.

Sijui nilifikaje mlangoni. Delbert alikuwa amelazwa chali sakafuni jikoni, juu ya ubao mrefu, kafungwa mikanda kifuani na miguuni, macho kayafumba. Leland kapiga magoti, vidole shingoni mwa Delbert.

Nikanyakua kikaango. "Leland Voss! Mwachilie mume wangu, hajafa!"

"Najua, Verna. Ndiyo maana napata shida."

Delbert akafungua jicho moja. "Usimpige, mke wangu, ananihesabia mapigo. Sasa umempotezea hesabu, ataanza upya."

Leland akawa mwekundu mpaka masikioni. Kumbe alikuwa anakwenda kozi kwenye mji mkuu wa wilaya kimyakimya. Mwalimu anataka wajizoeze kwa watu nyumbani, na Tolver nzima hakuna aliyekubali kulala chini mbele ya mzika watu. Mchungaji alisema ana safari. Kinyozi alifunga duka.

"Miaka yote nimeshika mikono ya watu," alisema, "lakini hakuna uliokuwa unapiga. Mshipa siuoni, Verna. Mtihani wa kwanza nimeanguka."

"Na kanisani ulisema unaacha!"

"Ningesema najaribu, halafu nikaanguka hadharani, nani angenipa mama yake nimzike?"

"Na mtu wa pili ni nani? Si wanataka wawili?"

Leland akatazama ubao. Delbert akakohoa. Nikajua wameshanijadili.

"Mimi? Mimi niliishia darasa la nane!"

"Hawaulizi darasa," alisema Leland. "Wanauliza kama mkono wako unatetemeka."

Nikatazama mkono wangu. Kikaango kilikuwa bado juu, kimetulia tuli.

Watu wanasema nilikwenda kozi kwa ajili ya mji. Nilikwenda kwa sababu sikutaka yule mtu abaki peke yake na mume wangu nyuma ya pazia.

Tulifaulu wote wawili. Julai gari likaja, jeupe, paa la juu. Halmashauri ilitoa pongezi na rangi ya maandishi ya ubavuni. Pesa za gari lenyewe zilitoka wapi, Leland hakusema.

Wakati wa mavuno Delbert akaanguka karibu na trela ya mahindi. Leland aliendesha kama kichaa, mimi nyuma nimeshika oksijeni na mshipa wa mkono wa Delbert. Tulipopita kwa Ardith nikamwona dirishani, shingo ndefu, anatafuta taa. Ilikuwa inawaka. Delbert alirudi nyumbani amekonda, analalamikia chakula cha hospitali.

Muda si mrefu tukamzika bibi Hulda Renken, na mwanawe akanitajia bei ya jeneza. Nikamfuata Leland pale pale makaburini.

"Jeneza la mwaloni limepanda, Leland. Tena sana."

"Mbao zimepanda, Verna."

"Mbao, au gari?"

Akakohoa, akanyoosha tai, akaenda kuwafungulia wafiwa mlango.

Nikamweleza Delbert mezani. Akatafuna nyama yake polepole, akameza.

"Basi mimi sifi mpaka bei ishuke."

Nikamshika mkono nikampima mapigo hapo hapo, maana simwamini hata yeye.