Siku Vipima Kina Viwili Vilipozimika Pamoja

Hii kitu nikiisimulia huwa naangalia chini kwanza, maana mpaka leo nikisikia honi imekwama barabarani masikio yangu yanashika moto.

Mimi ni fundi wa redio za magari. Kibanda changu kiko mjini, mlango wa pili kutoka duka la leso la Bi Rukia, mama wa kutoka Lamu ambaye ameniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Ana boti ndogo ya kubeba wageni kule Naivasha, na wakati huo ilikuwa imeletwa Kinoo, kwenye uwanja kando ya barabara, kupakwa rangi. Kabla ya hapo, kile kidude cha kupima kina cha maji kilizimika ghafla ziwani, boti ikapanda tope, wageni wakashinda hapo wakiangaliana na viboko. Ndiyo Bi Rukia akataka kifungwe cha pili, cha akiba, kimoja kikifa kingine kibaki.

Kakake, Mjomba Athumani, ambaye ndiye nahodha, alitaka fundi wa boti kutoka Mombasa. Bi Rukia akakataa, akasema kijana wake, yaani mimi, anaweza, na akifaulu ataenda Naivasha kuwa msaidizi. (Mimi mtu wa Mutuini, maji mengi niliyowahi kuona ni ya mafuriko, lakini nilishajiona na kofia ya nahodha, na mama nilikuwa nimeshamwambia.)

Sasa, waya wa kipima kipya ulifaa utoke kwenye betri moja kwa moja, na betri iko nyuma kabisa chini ya mbao za sakafu, lazima ulale kifudifudi kwenye oili chafu, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa sababu watu wa Bi Rukia walikuwa njiani kuja kuiombea boti dua. Nikaona hapa mbele kuna waya wa kile cha zamani, nikaunganisha hapo hapo, dakika tano. Vioo vya vipima vyote viwili vikawaka vizuri kama macho ya paka. Nikapiga picha, nikamtumia mama.

Wakaja shangazi wanne, ustadhi, na sinia la pilau. Bi Rukia akanishika bega, akawaambia, "Huyu ndiye yule niliyewasimulia."

Mjomba Athumani akapanda botini, akang'oa fyuzi ya kile cha zamani aone kama cha akiba kitabaki. Vyote viwili vikawa giza.

"Mwanangu, cha akiba mbona kimelala?" Bi Rukia akauliza, bado anatabasamu.

Ningesema ukweli pale, ingeisha. Nikasema kinatafuta network.

"Network ya samaki?" Mjomba akauliza, na shangazi wakaangua kicheko.

Nikaingiza mkono nyuma ya vioo, jasho linanitoka, nikashika nyaya nisizozijua, honi ikaanza kulia na ikakataa kunyamaza. Watu wa boda boda wakasimama barabarani kutazama, ustadhi akaziba masikio, mimi nikaruka chini kukimbilia betri na mguu wangu ukatua katikati ya sinia.

Mjomba ndiye aliyechomoa betri. Honi ikanyamaza. Hakupiga kelele, ni afadhali angepiga.

"Rukia, waya huu ndio uliotuzimikia siku ile. Huyu amekifunga cha pili kwenye ugonjwa ule ule. Na kungekuwa na watu ndani."

Bi Rukia hakuniangalia mimi, aliwaangalia wale shangazi, na hapo ndipo nilipoumia.

Nilivua shati, nikalala kwenye oili, nikavuta waya mpya mpaka kwenye betri. Mjomba akang'oa fyuzi tena, cha pili kikabaki kinawaka. Boti ilienda Naivasha na msaidizi mwingine.

Bi Rukia bado ananiita mwanangu, ila siku hizi anameza mate kidogo kabla. Na mama mpaka leo anaonyesha majirani ile picha ya vioo viwili, anasema ni kazi yangu, na sina moyo wa kumwambia aifute. Nimeapa tu kwamba sipigi tena picha ya kazi kabla sijang'oa fyuzi mwenyewe, nikiwa peke yangu, shangazi wakiwa mbali.