Matundu Niliyoyaziba Bungu

Niseme kosa langu kwanza, maana nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Nikiwa darasa la tano niliziba matundu yote kwenye boriti za jiko la bibi yangu kule Bungu.

Yalikuwa yananikera. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, walishinda wakiingia na kutoka, wakivuma kama redio isiyoshika stesheni, na unga wa mbao ukidondokea magimbi yetu. Mimi hata leo hufua shati lililokwisha kufuliwa. Basi nikakanda udongo na majivu, nikasubiri jioni walipoingia wote, nikaziba tundu moja moja na kulainisha kwa kidole. Bibi alinisifu mbele ya wageni: "Mume wangu huyu ana mikono."

Juu ya uzio wa jiko ulitambaa mpesheni wake, na juisi yake ndiyo tuliyokuwa tukiingojea Pasaka. Msimu uliofuata maua yalifunguka asubuhi kama kawaida, yakafumba, kesho yake yakaanguka. Hakuna lililoshika tunda. Misimu miwili bibi aliutilia samadi, akaumwagilia, akausemesha. Mwishowe akasema, "Umezeeka kama mimi," akaukata kwa panga. Matawi niliyabeba mimi.

Sijasomea nyuki popote. Najifunza kwa simu, huku Handeni ninakoishi, na kwa kuchuchumaa mbele ya maua ya watu. Ndivyo nilivyoona kwamba nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua la pesheni. Hupita chini, hunywa, huondoka. Yule mweusi akiingia, mgongo wake husugua chavua iliyo juu na kuipeleka ua jingine. Nikaukumbuka udongo wangu na majivu.

Mwaka huu nilipanda milimani hadi Bungu nikamweleza bibi. Alikuwa anamenya viazi. Akamaliza kile alichoshika.

"Kwa hiyo mti wangu haukuwa na kosa."

"Haukuwa na kosa, bibi."

"Na mimi nikautukana."

Nikatoka kwenda kwa jirani, ambaye sasa naye ana pesheni, anazipulizia dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, kisha analalamika hazishiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kutufundisha tena?"

"Pulizia jioni tu, mzee, maua yakishafumba."

"Jioni nina ng'ombe. Waambie hao nyuki wako waje Jumapili, siku hiyo sipulizii."

Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikaeleza, nikarudia, nikaisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtoto. Akacheka. Nilirudi nimeuma meno. Bibi akavaa kandambili zake, akaenda mwenyewe. Nilimsikia ng'ambo ya uzio: "Wangu niliukata bure. Wewe usikate." Basi. Wala hakutaja chavua.

Jirani sasa anapulizia jioni. Bibi hajapanda mpesheni mwingine.